Shajara ya mradi: sura za watu banda umiza, Januari 2024 mpaka Juni 2025

14 Januari 2024: ninachotafuta na nilichonacho mkononi

Kazi yangu ni harusi na sendofu, mwaka wa saba huu. Machozi ya mama wa bibi harusi nimeyapiga sijui mara ngapi, ila ukweli ni kwamba mengi yanakuja wakati MC keshatangaza, muziki wa taratibu ushawekwa, mama keshaonyeshwa pa kusimama na taa yangu inamuwaka usoni. Sisemi analia uongo, analia kweli, lakini analia huku anajua. Nataka uso wa mtu aliyejisahau kabisa.

Kilichoniwasha ni picha ya Alfred Eisenstaedt, alipiga Paris mwaka 1963. Watoto wanaangalia maonyesho ya vikaragosi, joka linauawa jukwaani, yeye kaligeuzia jukwaa mgongo akawapiga watoto wenyewe. Mmoja kaachama, mwingine anapiga kelele, mwingine kaogopa, wote kwa wakati mmoja, na hakuna hata mmoja mwenye habari na kamera. Nikakaa nikawaza watu wazima wa kwetu wanajisahau wapi kiasi kile, kumbe jibu nalipita kila jioni nikirudi nyumbani. Banda umiza, kibanda cha kulipia kuangalia mpira kwenye TV.

Banda nililochagua liko Mbagala, kuta za mabati, juu mabati, mabenchi manane ya mbao, TV moja kubwa mezani na projekta inayotolewa siku za mechi nzito. Kiingilio jero (mia tano), derby ya Simba na Yanga buku (elfu moja). Taifa Stars inaanza AFCON, kombe la mataifa ya Afrika, tarehe 17 na Morocco, kwa hiyo naanza hapo.

Vifaa: Fujifilm X-T20 ya mkononi pamoja na lensi yake ya XC 16-50, nilinunua kwa mtu 1,250,000. Memori kadi mbili 60,000. Nimechagua ndogo makusudi, ile kubwa ya harusini ukiinyanyua tu watu wanatengeneza kola.

18 Januari 2024: kujificha, na nilivyotolewa nje

Naandika hii kwa urefu mana ndo kosa ambalo mtu mwingine atalirudia.

Nilikuwa nimesoma kuhusu Walker Evans, yule Mmarekani aliyepiga abiria kwenye treni za chini ya ardhi New York kati ya 1938 na 1941, kamera kaificha ndani ya koti, lensi inachungulia katikati ya vifungo. Nikaona hiyo ndo njia. Jana nikavaa jaketi kubwa (Dar, Januari, ndani ya mabati, fikiria mwenyewe), kamera kifuani, nikakaa benchi la mbele pembeni nimegeuka nusu, nabonyeza bila kuangalia.

Dakika kama ya 20 hivi jamaa wa nyuma akanigusa bega. "Oya, we unarekodi nini?" Nikasema hamna kaka, naangalia mpira. Hilo ndo lilikuwa kosa lenyewe, sio kamera, ni kumjibu uongo. Akanyanyuka, wakanyanyuka wengine wawili, mmoja akasema huyu katumwa, mwingine akasema anapiga watu wanaodaiwa. Mwenye banda akaja akanishika mkono kwa upole kabisa akanitoa, jero yangu akanirudishia. Goli la kwanza la Morocco nililisikilizia barabarani.

Picha zenyewe nilizopata ni 43 na zote ni magoti, migongo na giza.

Nimelala nikiwaza. Wale watu walikuwa na haki. Mtu anakuja pale kupumzika na shida zake, mwingine hata nyumbani hajaaga vizuri, afu mgeni anakuja na jaketi anamchukua bila yeye kujua. Na sheria nayo ipo, ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 1, 2023, picha ya mtu anayetambulika ni taarifa yake. Ila hata sheria isingekuwepo, nilichofanya hakikuwa sawa.

20 Januari 2024: kurudi kuomba

Nilirudi asubuhi banda likiwa linafagiliwa. Nikamkuta mwenye banda, shikamoo mzee, nikamwomba radhi, nikatoa simu nikamwonyesha ile picha ya watoto wa Paris. Akaiangalia muda mrefu. Akasema, "Hawa hawajui kama wanapigwa, lakini kuna mtu alijua huyu mzungu yupo pale." Sina hakika kama alijua anachosema kina uzito gani kwangu.

Tukakubaliana hivi:

Kabla ya mechi yeye mwenyewe anatangaza kwamba kuna kijana anapiga picha za mashabiki, zitachapishwa, haziuzwi. Benchi la mwisho kushoto ni benchi la wasiotaka, ukikaa pale kamera haikugusi. Mtoto hapigwi mpaka aliyemleta akubali. Na mtu yeyote akija baada ya mechi akasema futa, inafutwa palepale mbele yake bila maswali.

(Nimeongeza baadaye:) Benchi la wasiotaka lilijaa siku ya kwanza. Saivi linakuwa na watu wawili watatu.

22 Januari 2024: Zambia, na lensi iliyoninyima picha ya maisha

Jana usiku. Banda limejaa mpaka mlangoni. Nimepewa kreti ya soda nikaikalia chini ya meza ya TV, nawatazama watu wote usoni, macho yao yanapita juu ya kichwa changu. Hii nafasi ni dhahabu, nasema tena kwa anayetaka kunakili: usikae nao, kaa pale wanapoangalia.

Msuva akafunga dakika ya 11. Mabenchi yakaruka. Nilibonyeza kama mwehu.

Kisha ikaja ile saa moja na zaidi ya kulinda goli. Zambia wakabaki kumi kabla ya mapumziko, watu wakaanza kuhesabu pointi, ushindi wa kwanza kabisa wa Tanzania kwenye AFCON unakaribia. Dakika ya 88, kona ya Chama, kichwa cha Daka, moja moja.

Benchi la pili kulikuwa na mzee mmoja ana kofia ya kiua. Watu wote wakapiga kelele au wakashika vichwa. Yeye hakufanya hata kimoja. Aliivua kofia taratibu, akaiweka juu ya goti, akawa anainyoosha kwa kiganja, anainyoosha, anainyoosha, kama mtu anayemtuliza mtoto. Midomo imefunga. Nilimwona na nikampiga picha sita.

Zote sita zimetoka ukungu mtupu.

Sababu ni hii. Lensi yangu nikivuta mpaka mwisho uwazi wake unaishia f/5.6 (namba ikipanda tundu la mwanga linabana). Mwanga mle ndani ni wa TV peke yake. Kamera ikashusha shata, yani muda inaofunguka, mpaka 1/8 ya sekunde, na mkono wa mzee ulikuwa unatembea, na mkono wangu nao ulikuwa unatetemeka mana na mimi ni Mtanzania. ISO, yani kamera inavyonyonya mwanga, ilikuwa imepanda mpaka 12800. Hakukuwa na cha kufanya pale.

Lensi ya f/2 inaingiza mwanga mara nane ya f/5.6. Mara nane. Nilikuwa najua kwa kusoma, jana nimejua kwa maumivu.

11 Februari 2024: lensi mpya, na kazi ndogo ndogo

Nimepata XF 35mm f/2 ya mkononi, 720,000, nimeuza fleshi moja kupunguza makali. Saivi napiga ISO 6400, f/2, shata 1/60 mpaka 1/100. Nyuso zinasoma. Chembechembe zipo, sizisumbukii.

Vitu vya kuzima kabla hujaingia gizani, kila kimoja nimekijua kwa kuharibu: taa ya kusaidia fokasi (inamulika mtu usoni kama polisi), mlio wa fokasi, na skrini ya nyuma. Nafunika skrini kwa kipande cha gundi nyeusi, natumia tundu la jicho.

Fokasi otomatiki mle ndani inahangaika, inaenda inarudi, wakati umepita. Nimehamia ya mkono. Kutoka kwenye kreti mpaka benchi la pili ni mita 3, nikiwa f/2 sehemu iliyo kali ni kama sentimita 60 tu, yani benchi moja, la mbele yake na la nyuma yake yanaanza kufifia. Mwanzoni nikaona ni balaa, afu nikagundua inanilazimisha kuchagua benchi kabla ya mechi na kukaa nalo dakika 90. Ukikaa na watu sita kwa dakika 90 unaanza kuwajua. Huyu akiwa na wasiwasi anasugua kidole gumba, yule anaacha kutafuna karanga.

3 Machi 2024: watu wa kijani

Mechi kubwa ya Ulaya, mwenye banda akatoa projekta. Nikapiga picha 300 na kitu. Kufika nyumbani kufungua laptopu, watu wangu wana rangi. Mmoja nusu uso kijani nusu zambarau, mwingine mwekundu shingoni. Nilidhani kamera imekufa.

Imenichukua siku nne kuelewa. Projekta ya aina ile (DLP) ndani yake kuna gurudumu la rangi linalozunguka kwa kasi, linatupa nyekundu, kijani na bluu kwa zamu, jicho letu linazichanganya linaona rangi kamili. Mimi nilikuwa napiga 1/250 kwa shata ya kielektroniki ile isiyo na sauti, inayosoma picha mstari kwa mstari, kwa hiyo kila mstari ukakuta gurudumu liko rangi nyingine. Hata zile balbu za LED za mlangoni zilichora michirizi kwa sababu hiyohiyo ya kuwakawaka.

Dawa: rudi shata ya kawaida, ile inayolia, na shuka mpaka 1/50 au 1/100. Umeme wetu ni hezi 50, balbu zinapwita mara 100 kwa sekunde, kasi hizo mbili zinakubaliana nazo. Rangi za projekta zilizobaki nimezimaliza kwa kuamua mradi wote uwe nyeusi na nyeupe. Nilikuwa naogopa sauti ya shata. Kwenye banda lenye watu 70 na mtangazaji anayepiga kelele hakuna anayeisikia.

Picha 300 zimeenda. Nimebakiza moja, mama anayeuza mihogo mlangoni, hakuwa anaangalia mpira, alikuwa anawaangalia wanaume wote wamejipanga kama wako shule, na anatabasamu peke yake. Mwanga wake ulikuwa wa jiko lake la mkaa, sio wa projekta, ndo mana amepona.

21 Aprili 2024: derby, na ujanja wa redio

Yanga 2, Simba 1. Hapa kuna kosa ninaloliona la aibu lakini lina somo.

Tatizo lilikuwa hili: goli likiingia watu wanaruka, mikono inaziba nyuso, picha inakuwa makwapa. Nikawaza, nikijua sekunde chache kabla nitajiandaa. Redio inatangaza moja kwa moja toka uwanjani, picha ya king'amuzi inapanda setilaiti na kushuka, inachelewa. Nilipima mwenyewe, pale kwetu redio ilikuwa mbele kwa kama sekunde nne. Nikaweka spika ya sikioni upande mmoja, redio ya simu.

Goli la kwanza ilifanya kazi. Nilisikia, nikanyanyua kamera, nikasubiri, wakalipuka, nikapata. Kabla la pili halijaonekana nikasikia tena, nikanyanyua kamera, na nikaona benchi zima linaniangalia mimi. Dogo mmoja akasema kwa sauti, "Goli hilo, kameramani kanyanyua." Wameacha kuangalia TV, wananisoma. Lilipoonekana kwenye skrini nusu ya banda walikuwa washashangilia na nusu ya pili wamekasirika kwamba nimewaharibia. Na kweli niliwaharibia. Mtu kalipa buku yake aje aumie au afurahi kwa wakati wake, mimi nimemkatia utamu.

Nilitoa spika, nikaomba msamaha wakati wa mapumziko nimesimama kwenye kreti. Sijairudia.

Ila usiku nikipitia faili zile za goli la kwanza nikaona kitu. Picha za mlipuko zote zinafanana. Goli la Msuva, goli la jana, ukizichanganya huwezi kuzitofautisha, midomo wazi mikono juu. Nyuso zenyewe ziko kwenye zile sekunde mbili tatu ambazo mpira umeshapigwa na haujafika. Pale hakuna anayepiga kelele. Mtu anashika nguo ya jirani yake asiyemjua. Na nyingine ziko baadaye sana, dakika nzima baada ya kelele, watu wanakaa chini mmoja mmoja na kila mmoja anarudi na lake. Kuanzia leo goli likiingia nashusha kamera, nashangilia au nanuna na wenzangu, afu nainyanyua watu wakianza kukaa.

30 Juni 2024: picha ukutani

Ligi imeisha. Nimechapisha picha 24 saizi ya postikadi, kila moja 700, jumla 16,800, nikazibandika kwenye ubao pale mlangoni banda umiza. Watu wamezipenda mno. Jamaa aliyenigusa bega Januari alisimama mbele ya picha yake dakika nzima, akasema, "Mimi nikiangalia mpira nafanana na marehemu baba." Akaomba nyingine ya kumpelekea dada yake Tunduru. Nimempa bure, na nimeamua kila aliyeko kwenye picha atapata nakala.

Nilirudi nyumbani siku ile nina furaha ambayo harusi haijawahi kunipa.

20 Oktoba 2024: ule ubao uliua mradi

Derby ya jana, Yanga moja bila, goli la kujifunga dakika za lala salama. Kila kitu kilikuwa tayari, lensi, nafasi, benchi. Sikupata picha hata moja.

Watu wameziona sura zao ukutani, wamejua nini kinapata nafasi ubaoni. Wenye kushika vichwa wakawa wanashika vichwa mpira uko katikati ya uwanja. Kijana mmoja, mtoto mzuri tu, kila faulo analaza kichwa begani kwa mwenzake afu jicho moja linanitafuta. Ukiangalia haraka unaweza kudanganyika. Angalia macho. Tangu karne ya 19 daktari mmoja wa Ufaransa, Duchenne, alionyesha kwamba mdomo unaweza kuuamuru utabasamu, ila ule msuli unaozunguka jicho ni mgumu kuuamuru. Nikikuza picha za jana naona midomo ina huzuni na macho yamekaa kimya tu.

Sio kosa lao. Nimewapa kioo, wamejiangalia.

Nilichofanya: nimeutoa ubao. Nimemwambia mwenye banda na yeye kawatangazia kwamba hakuna tena picha ya kubandikwa mpaka mradi uishe, kila mtu atapewa yake mkononi kwenye bahasha, yeye na familia yake. Na mechi nne zinazofuata nitaenda na kamera haina betri. Naikalia kreti, nabeba kamera, sibonyezi kitu. Wamejua haina betri, niliwaonyesha.

20 Novemba 2024: jua la matundu

Jana Stars na Guinea kwa Mkapa, sisi tukiwa bandani. Niliweka betri baada ya mwezi mzima. Hakuna aliyejali, na hilo ndo nililokuwa nalisubiri.

Mechi ya jioni, jua bado lipo, na paa la banda lina matundu ya misumari ya zamani. Mwanga unashuka kama vijiti, moja begani kwa mtu, moja kwenye paja, moja usoni. Sijawahi kuliona hilo mana mara nyingi naenda usiku. ISO ikashuka mpaka 1600.

Msuva tena, kipindi cha pili, moja bila, na Tanzania ikafuzu AFCON ya 2025. Nilishusha kamera kama nilivyojipangia, nikaruka na watu. Nilipoinyanyua niliwakuta baba na mwanae wa kama miaka sita, baba nilishamwomba mapema. Baba anaangalia TV, machozi yanamtoka, hayafuti, sidhani kama anajua yapo. Mtoto kakaa mabegani mwake, kainama mbele mpaka uso wake uko kichwa chini karibu na wa baba, anamwangalia baba analia, na kidole kimoja cha mtoto kimegusa chozi. Tundu moja la bati limeweka doa la mwanga palepale kwenye kile kidole.

Picha tatu. Ya pili ndo yenyewe. 1/100, f/2, fokasi imekaa kwenye kucha ya mtoto.

Nilitoka nje nikakaa kwenye tofali.

26 Mei 2025: picha bora ambayo haimo

Jana fainali ya Kombe la Shirikisho, marudiano, Simba na Berkane, Amaan Zanzibar. Simba alishafungwa mbili kule Morocco. Banda lote jekundu. Mutale akafunga mapema, watu wakaamini, mwisho ikaisha moja moja, kombe likaenda.

Benchi la tatu alikuwepo jamaa wa miaka 40 hivi, jezi ya Simba, kakaa kwenye pembe. Kipindi cha pili chote uso wake ulikuwa umeanguka kwa namna ambayo sijawahi kuiona kwa mtu yeyote mle ndani, midomo inatetemeka, anaangalia skrini bila kuona. Nikamwendea fremu kumi na moja. Nikasema moyoni hii ndo jalada la mradi, hivi ndivyo Mnyama anavyopendwa.

Baada ya mechi nikamfuata kumwonyesha, kama ninavyofanya kwa wote. Akaangalia, akanyamaza. Akasema, "Kaka, mimi mpira sikuuona. Mapumziko nilipigiwa simu, mama kafariki. Nauli ya kwenda sikuwa nayo nikakaa kusubiri jamaa yangu amalize mechi anikopeshe."

Sikuwa na la kusema. Nilimpa pole, nikatoa nilichokuwa nacho mfukoni, mwenye banda akapitisha kofia kwa watu waliobaki, akapata nauli na kidogo cha sanda. Alipanda gari usiku uleule.

Hakuniambia nifute. Aliniambia nisiseme ni mpira. Nimezifuta zote kumi na moja. Nimebaki na hili: hisia ilikuwa ya kweli kuliko zote nilizowahi kupata, na mimi niliisoma vibaya kabisa, nikaipa jina langu kabla sijamuuliza mwenyewe. Ingetoka na maelezo ya Simba ingekuwa uongo mbele ya msiba wa mtu. Kwa hiyo nimeongeza hatua kwenye utaratibu: hakuna picha inayoingia kabla mwenye uso hajanieleza kwa mdomo wake alikuwa anawaza nini dakika ile. Nimerudi kwenye zote nilizokuwa nimechagua, 52, nikaanza kuwatafuta watu.

26 Juni 2025: kuchagua

Jana Yanga kampiga Simba mbili bila, ile derby iliyokuwa imeahirishwa toka Machi. Sikupiga, nilienda na bahasha.

Kati ya 52 nimewapata watu wa picha 38. Wengine wamehama, mmoja yuko Oman anaendesha gari, nikaongea nae kwa simu. Picha saba nimezitoa baada ya maongezi: wawili walikuwa na deni kichwani, mmoja alikuwa ana jino linamuuma (nilikuwa nimeandika "uchungu wa penati"), wanne hawakupenda kujiona hivyo. Zimebaki 31. Maneno yao ndo yatakaa chini ya kila picha, sio yangu.

Gharama mpaka leo, kwa anayetaka kujaribu kwake:

Kamera na lensi ya kwanza 1,250,000. Lensi ya f/2 720,000. Memori kadi 60,000. Betri mbili za ziada 70,000. Viingilio jumla 44,500, mwenye banda alikataa mara nyingi kupokea, nililipa nilipoweza. Kuchapisha zile 24 za ubaoni 16,800, na sasa za bahasha 93,000. Hard diski 140,000. Jumla 2,394,300. Picha zilizopigwa ni zaidi ya 11,000.

Mzee wa kofia nilimkosa tena na tena, nina zile sita za ukungu tu. Jana nilimkuta nikamwonyesha moja hivyohivyo ilivyo, mkono wake umekuwa kivuli juu ya goti, kofia haionekani vizuri, uso ni alama tu. Nikamuuliza shikamoo babu, unakumbuka ulikuwa unawaza nini siku ya Zambia. Akasema, "Nilikuwa nawaza niliyekuwa naangalia nae mpira, alikuwa anapenda kunivua kofia tukifunga." Akaniomba nimchapishie kubwa. Nimeichapisha A4, 6,000, haimo kwenye hesabu ya juu, na imeingia kwenye mradi, ya 32, na ukungu wake.

Agosti 2 Stars wanafungua CHAN, kombe la Afrika la wachezaji wa ligi za ndani, na Burkina Faso. Betri moja imevimba, natafuta nyingine kabla ya hapo, na kreti ya soda imechukuliwa na kampuni, mwenye banda kaniahidi stuli.